Mnara uliolala ukisubiri masale yachipue

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umeng'ang'ania migomba ya Kirua, na Aikande Lyatuu anapanda kutoka mferejini na ndoo ya maji mkononi. Anapiga magoti. Anamwaga maji kidogo kidogo kwenye vijiti vilivyochomekwa ardhini, visivyo na jani hata moja, kisha anakikagua cha kwanza kama mama anayetafuta jino kwenye fizi za mwanawe.

"Bado," anasema. Anahamia cha pili. "Na wewe bado."

Hatua chache kutoka hapo, mnara mdogo wa chuma umelala chali juu ya majani makavu ya migomba. Dishi lake limefunikwa gunia. Paneli ya sola imeegeshwa kwenye banda la mbuzi, na beberu mmoja ameshaizoea, anajikunia mbavu.

Ungemwona mama huyu na ndoo yake, usingedhani kwamba ndiye anayesimamia ukumbi wanakokutana vijana wenye kampuni changa za teknolojia mjini Moshi. Wala usingedhani kwamba vijana karibu sitini huko chini wanasubiri vijiti hivi vichipue ndipo wapate intaneti. Mwandishi wa makala haya alipoambiwa hivyo mara ya kwanza, alifikiri anataniwa.

"Hata mimi nilifikiri meku ananitania," anasema Aikande. Meku ndivyo wazee wa kiume wanavyoitwa huku mlimani. "Nilimwangalia usoni nikangoja acheke. Mae! Hakucheka."

Aikande ana miaka thelathini na tisa. Amezaliwa na kukulia Pasua, mtaa wa mjini Moshi, na mama yake aliuza ndizi katika soko la Kiboriloni mpaka magoti yalipogoma. Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi kwenye intaneti kafe moja karibu na soko hilo. Kazi yenyewe ilikuwa kuwasha kompyuta, kupokea hela, na kuwapigia watu kelele muda wao ukiisha. Wanafunzi walikuja kuandika kazi zao, na hela iliwaishia kabla kazi haijaisha. Aikande akawa anageukia dirishani, anajifanya hesabu imempotea.

"Bosi alikuwa ananiambia, Aikande, wewe utanifilisi. Na kweli akafunga," anasema na kucheka. "Lakini jamani, waliomfilisi ni simu za kupapasa, sio mimi."

Bosi alipofunga alimwachia kompyuta chakavu, asijue azifanyie nini. Wale wanafunzi hawakumwacha. Walimfuata nyumbani, mmoja mmoja, wakiuliza, "Dada Aika, sasa tukae wapi?" Swali hilo lilimsumbua mpaka akaenda kumwangukia mfanyabiashara mmoja mwenye ghala la kahawa lililokuwa tupu nyuma ya soko. Akapewa. Wakafagia, wakapaka chokaa, wakaingiza meza. Mpaka leo mvua ikinyesha kuta zinanukia kahawa, na vijana wanapaita Ghalani tu.

Ghalani ndiko yalikozaliwa makundi mengi. Kuna waliotengeneza mfumo wa kuwajulisha wafugaji wa mlimani bei ya maziwa. Kuna wanaotunza vipimo vya wateja wa mafundi cherehani. Kuna kundi la Doris, binti mwenye maneno machache na haraka nyingi, linalorusha droni juu ya mashamba ya mpunga ya Chekereni, kisha linasoma picha na kumwambia mkulima kona ipi ya shamba imeanza kuugua.

Aikande mwenyewe hajui kuandika programu, na hajifanyi anajua. Kazi yake ni kuwakutanisha. Huyu ana wazo lakini hana mteja, yule ana mteja lakini hana fundi, na wote wawili wanakunywa chai meza mbili tofauti bila kujuana. Yeye anawavuta mashati na kuwakalisha pamoja. Malipo yake hayazidi laki tatu kwa mwezi, na kuna miezi ambayo hayapo kabisa, lakini hilo silo linalomkosesha usingizi.

Linalomkosesha usingizi ni stendi ya mabasi. "Wakishaiva tu wanapanda gari. Arusha, Dar, Nairobi," anasema. "Unamlea mtoto mpaka anaanza kusimama, anakwambia Dada Aika, huku hakuna mtandao wa maana. Unamjibu nini? Unamfungia mkate wa njiani."

Ghala lenyewe limejificha bondeni nyuma ya majengo marefu, mawimbi yanalipita juu kwa juu. Bando za simu kwa watu wote wale, na mapicha yale ya Doris, zilikuwa zinakwisha kabla ya chai ya saa nne. Ndipo akatokea Mzee Aristides Temba, mkulima wa kahawa na ndizi wa Kirua, ambaye kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kiko kwenye kilima kinachotazamana na mji uso kwa uso. Alikubali mnara usimikwe pembeni mwa kihamba, upokee mtandao kutoka mjini na kuurusha Ghalani. Hakudai kodi. Alichotaka ni mtandao nyumbani kwake ili kila Jumapili baada ya misa amwone binti yake Theodora, muuguzi aliyeko Ujerumani, na wajukuu wanaomwita babu kwa lafudhi ya ajabu.

Kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Makundi yaliongezeka mpaka meza zikaanza kugombewa. Kisha, mwezi Januari, watu wa Dar waliokuja kula Krismasi wakiwa wamesharudi zao na milima imebaki kimya, betri za mnara zikaanza kuchoka mapema.

Aikande alimtuma Faustin. Huyu ni fundi wa mtandao wa Ghalani, kijana wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye mikono isiyotulia. Wazazi wake walitoka Kigoma kuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari kusini mwa Moshi, na yeye kakulia kwenye kambi za wafanyakazi. Mlima alikuwa akiuona kila siku kwa mbali, lakini kuupanda hakuwa amezidi safari mbili tatu, na zote za mnara.

Alipofika, Mzee Aristides alikuwa msibani Kilema. Faustin akaona tatizo mara moja. Kulikuwa na kichaka cha mimea mirefu yenye majani membamba, iliyorefuka mpaka ikalizibia paneli jua la mchana. Akazunguka nyumba akiita hodi, hakuna mtu. Akampigia simu Aikande.

"Nilimwambia Dada kuna majani marefu yanaziba jua," Faustin anakumbuka. "Sikujua yanaitwaje. Kwetu kambini yangekuwa maua."

Aikande alikuwa katikati ya wageni na kelele. Jibu alilotoa analikumbuka neno kwa neno, na kila akilirudia anajipiga paji la uso. "Nilimwambia, kata tu Faustin, mbona unaniuliza mambo ya majani!"

Faustin akakata.

Siku ile mtandao ulikimbia kuliko siku zote. Ghalani walipiga makofi. Doris, ambaye hasifii mtu hovyo, alimwagizia Faustin soda.

Kesho yake asubuhi mtandao ukafa pu! Aikande alifikiri ni radi, ingawa anga lilikuwa jeupe. Akapanda bodaboda na Faustin wake mpaka Kirua, wakaingia kwa kichochoro cha migomba. Mnara ulikuwa chini. Haukuangushwa na upepo wala mwizi. Ulikuwa umefunguliwa nati moja moja na kulazwa taratibu, na nati zote zimewekwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kando yake, kwenye kigoda, alikaa Mzee Aristides akitazama visiki.

"Shikamoo meku," Aikande akasema.

Mzee hakuitikia.

"Tangu nizaliwe sijawahi kumsalimia mzee asiitikie," anasema Aikande. "Mate yalinikauka. Nikajua hapa kuna jambo, lakini jambo lenyewe bado silijui."

Akarudia shikamoo. Ndipo mzee akauliza bila kugeuka, "Nani amewavua nguo wazazi wangu?"

Aikande akatazama visiki kwa mara ya kwanza. Akatazama na majani yaliyotupwa, ambayo yalikuwa yameanza kunyauka. Yalikuwa masale. Mchaga yeyote anajua isale ni nini. Ndiyo mpaka wa kihamba, ndiyo jani la kuombea msamaha, na ndiyo inayopandwa walipolala wazee wa zamani, wale waliozikwa kabla ya saruji na misalaba ya marumaru. Pale palikuwa na babu yake Mzee Aristides, baba yake na mama yake. Hapakuwa na alama nyingine yoyote. Masale ndiyo yalikuwa kaburi.

"Yeleuwi, nilitamani ardhi inimeze," anasema. "Faustin hajui, ni mtoto wa watu wa Kigoma. Mimi je? Mimi Mchaga, mimi Lyatuu? Mimi ndiye niliyesema kata!"

Alijaribu kusema "Ni mimi," akashindwa. Faustin akasogea mbele yake na kusema, "Mzee, panga nilishika mimi." Mzee Aristides akawatazama wote wawili kwa zamu, akasimama, akachukua kigoda chake.

"Shukeni," akasema, akaingia ndani.

Walishuka kwa miguu mpaka barabarani. Jioni ile Aikande aliwatangazia vijana wa Ghalani, watu aliozoea kuwakaripia, yaliyotokea Kirua. Wengine hawakuamini. Mmoja aliuliza kwa nini wasimlipe mzee fidia wakamaliza. Aikande anasema swali hilo lilimshtua karibu sawa na vile visiki, kwa sababu aliona kumbe amewafundisha vijana kila kitu isipokuwa habari za kule walikousimika mnara wao.

Aliyemwokoa ni shangazi yake, Mama Mektrida, anayeishi Kirua hiyohiyo, jirani na kanisa. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza.

"Pasua imekuharibu," akamwambia. "Kaa hapo ule mtori. Kesho tunakwenda."

Kesho yake alikata jani la isale kwenye kihamba chake mwenyewe, akalifunga fundo, akatangulia nalo mbele. Nyuma yake Aikande alibeba galoni la mbege, pombe ya ndizi, na Faustin akafuata akiwa amevaa shati la kanisani. Kwa Wachaga, anayeletewa jani hilo hamfukuzi aliyelileta. Anaweza kununa, anaweza kutaja masharti, lakini mlango anafungua. Mzee Aristides alilitazama jani muda mrefu kuliko Aikande alivyoweza kuvumilia. Kisha akalipokea.

"Nimelichukua," akasema. "Nimesamehe. Lakini mnara utasimama siku masale yatakaposimama. Mtapanda hapo hapo mlipokata. Yakichipua, njooni na spana zenu."

Hapo ndipo Aikande alipongoja mzee acheke.

"Meku, kule mjini kuna watu sitini," akamwambia.

"Na hapa kuna watatu," mzee akajibu.

Mama Mektrida akamfinya mkono anyamaze.

Kilichowaacha midomo wazi zaidi ni kwamba mzee, alipoulaza mnara akisaidiwa na majirani, alijikatia mtandao na yeye mwenyewe. Jumapili ile hakumwona Theodora wala wajukuu. Simu yake ni ya tochi, mara nyingi imezimwa, na kishikwambi alichotumiwa na binti huyo hakifanyi kazi bila mnara. Theodora alipiga mpaka kwa Mama Mektrida kuuliza kama baba yake yu hai.

Walichomeka vipandikizi mchana uleule, na kuanzia siku ya pili wakaanza kupanda mlima kumwagilia, maana kiangazi kilikuwa kimekaza. Huku nyuma Ghalani kukaanza kupukutika. Waliotegemea wateja wa mbali waliondoka kwanza. Jumatatu moja Aikande alifungua mlango akakuta meza ya Doris tupu, haina hata waya. Doris alikuwa amepata chumba Arusha na alimwachia ujumbe wa sauti, mfupi kama kawaida yake: "Dada Aika, sina ubaya na wewe. Mpunga wa Chekereni hausubiri majani."

"Ule ujumbe ulinikaa kifuani siku nzima," anasema Aikande. "Kundi lile nililikutanisha mimi. Doris na rubani wake wa droni walikuwa hawajuani, nikawakalisha pamoja. Sikumkasirikia. Lakini nililia chooni kama mtoto."

Waliobaki walibanana na bando za simu, wakagawana usiku na mchana. Na hapo likatokea jambo ambalo Aikande hakulitarajia. Vijana wakaanza kuulizana zamu ya kwenda Kirua. Walitoka wawili wawili, wa Pasua, wa Kiboriloni, hata mmoja wa Singida asiyejua mgomba unakatwaje. Walichota maji mferejini, wakasalimia, wakamwagilia, wakashuka. Wiki za mwanzo mzee aliwajibu "Marahaba" na kuishia hapo. Baadaye akawa anawakuta wanamwagilia vibaya, maji mengi mno, akashindwa kuvumilia na kuja kuwaonyesha. Baadaye tena akawa anawaonyesha na nani amelala wapi.

Faustin alikwenda kuliko wote. Siku moja mzee alimuuliza marehemu baba yake amezikwa wapi.

"Kambini, kule kwenye miwa," Faustin akajibu.

"Pana nini juu yake?"

"Palikuwa na msalaba wa mbao, mzee. Mchwa wakaula nikiwa shule. Sasa najua upande tu, kaburi lenyewe silijui."

Aikande alikuwepo. Anasema mzee aliweka jembe chini na kumtazama Faustin kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Siku iliyofuata Faustin alipofika, alikuta sahani ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, imefunikwa inamsubiri.

Asubuhi ya leo, baada ya "bado" ya pili, Aikande anafika kwenye kijiti cha tano. Anainama zaidi. Anamwita Faustin, ambaye anatupa ndoo na kuja mbio. Ubavuni mwa kijiti kuna ncha ya kijani, nyembamba, haifiki hata unene wa kiberiti. Wanahamia kingine, nacho kimepasua. Aikande anaziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanamtoka bila idhini yake.

"Meku!" anaita. "Meku, njoo uone!"

Mzee Aristides anatoka akiwa na kikombe cha chai. Ana miaka themanini na miwili na hana haraka na mtu. Anachuchumaa kwa shida, anagusa ncha ile kwa kidole kidogo, anafanya ishara ya msalaba. Kisha anaingia ndani na kutoka na lile kopo la maziwa ya unga.

"Haya," anasema. "Nati zenu hizi. Nimezipaka mafuta zisishike kutu."

Kusimamisha mnara kunachukua asubuhi yote. Faustin anapanda, jirani wawili wanavuta kamba, mzee anaelekeza bila kuombwa. Betri zinapounganishwa, simu ya Aikande inaanza kutetemeka mfululizo mfukoni. Ni Ghalani. Watu wanapiga kelele mpaka hazieleweki. Aikande anaiweka sikioni, anaitoa, anacheka na kulia kwa pamoja. Doris hayumo kwenye kelele hizo, na Aikande anasema hajui kama atarudi. Meza yake hajaigawa.

Watu wanaanza kukusanya spana. Ndipo Mzee Aristides anaposimama mbele ya Faustin, anaonyesha nafasi wazi kati ya masale mapya na mguu wa mnara, na kusema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Mimi nitalala hapo. Wanangu nimewaambia Krismasi, hakuna saruji. Na siku hiyo isale yangu ataipanda huyu."

"Meku, watoto wako wapo," Aikande anasema. Kwa mila zao, jambo hilo ni la ukoo, na Faustin si wa ukoo, si Mchaga, na ndiye aliyekata.

"Wapo. Nawapenda. Lakini huyu anajua uzito wake. Hatakosea tena."

Faustin anaangusha spana. Anapiga goti moja kwenye udongo mbichi, kichwa chini, na mzee anamwekea mkono utosini kama anavyofanya kwa wajukuu wanapoondoka. Jirani waliokuwa wanavuta kamba wanatazamana. Mmoja anavua kofia.

Tukishuka kuelekea barabarani, Aikande anaanza kutaja mipango. Hakuna kundi litakalopewa meza Ghalani kabla ya kupanda Kirua kumsalimia mwenye kihamba na kuonyeshwa masale yalipo. Anataka kuongeza minara mingine miwili mlimani, na safari hii ataomba ruhusa akiwa na shangazi yake pembeni. Anataka siku moja mtoto wa Moshi aanzishe kampuni na asijue hata nauli ya Arusha ni kiasi gani.

Lakini jambo la kwanza kabisa, anasema, ni kuihamisha ile paneli ya sola upande wa pili wa mnara, wiki hiihii, ingawa masale bado ni machipukizi na itapita miaka mingi kabla hayajafikia kuziba jua.

"Namwomba Mungu ampe meku umri, aishi mpaka atuchoke," anasema na kufuta macho kwa upindo wa khanga. "Lakini siku ikifika, Faustin akishapanda, nataka isale ya meku iote mpaka itakapochoka yenyewe. Asije akatokea mwingine huko chini akapigiwa simu, akasema kata."